Nyuma ya Kitabu Yuko Nani?

Katika masomo ya mbinu za kufundisha, kitabu cha kiada huzungumzwa sana. Wanachuo hufundishwa jinsi ya kukigawa kwa majuma, kutunga maswali yake, na hata kukitia jalada la gazeti kisichakae. Lakini ni nadra sana mwanachuo kuulizwa kitabu hicho kimetoka wapi, na ni nani aliyeamua kwamba kiwepo. Hukipokea kama apokeavyo mvua. Sisi tunaona kwamba upungufu huu una madhara darasani, na tungependa kuueleza kwa kutazama maisha ya mtu mmoja, Henry Chakava wa Kenya, aliyefariki dunia mwezi Machi 2024.

Yafaa kwanza tuwatenge watu wawili ambao huchanganywa mara kwa mara. Mpiga chapa ni mwenye mitambo, karatasi na wino. Mchapishaji si lazima amiliki mtambo hata mmoja. Kazi yake ni kuupokea mswada, kuupima, kumkabidhi mhariri, kumtafuta mchoraji, kukadiria idadi ya nakala, kulipa gharama zote kabla ya senti moja kurudi, kuvisambaza vitabu, kisha kumlipa mtunzi mrabaha wake. Akikosea makadirio, nakala humlalia ghalani. Basi kila kitabu kilichomo katika kabati la shule ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyethubutu kutoa fedha akiamini kuwa wasomaji wapo.

Chakava alizaliwa mwaka 1946 huko Vokoli, magharibi ya Kenya. Alisoma fasihi na falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 akaingia kazini kama mhariri katika tawi la Nairobi la kampuni ya Heinemann. Kampuni hiyo ilikuwa ya Waingereza, na ndiyo iliyoanzisha mjini London, mwaka 1962, mfululizo mashuhuri wa waandishi wa Kiafrika. Baada ya miaka michache alikabidhiwa uongozi wa tawi. (Mwaka huohuo wa 1972 Walter Bgoya alishika uongozi wa Tanzania Publishing House, Dar es Salaam, lililokuwa shirika la umma. Mwanachuo atakayependa kulinganisha njia hizo mbili, ya kampuni ya kigeni na ya shirika la umma, atapata mengi ya kujifunza.) Hatimaye, mwaka 1992, kampuni ya Nairobi ilinunuliwa na Wakenya, Chakava akiwa mbele yao, ikaitwa East African Educational Publishers.

Hayo ni maendeleo ya kazi tu, na mtu aweza kuyasoma na kuyasahau. Jambo linalotuhusu sisi walimu lilitokea mwaka 1980.

Marehemu Ngugi wa Thiong'o alikuwa amewekwa kizuizini tangu tarehe 31 Desemba 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kuoneshwa na wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru. Akiwa katika gereza la Kamiti aliandika riwaya kwa lugha yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, juu ya karatasi za chooni. Aliachiliwa Desemba 1978. Swali likabaki kwa mchapishaji: nani atakinunua kitabu hiki? Wakati ule wengi wa wasomi waliamini kuwa riwaya kubwa ya lugha ya nyumbani haina soko. Anayejua kusoma vizuri, walisema, atasoma Kiingereza. Asiyejua Kiingereza hana fedha wala desturi ya kununua vitabu. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya busara. Aidha palikuwa na hatari isiyo ya fedha. Chakava alipigiwa simu za vitisho, akashambuliwa na watu wenye silaha, na kidole chake kilinusurika kukatwa kabisa.

Kitabu kilitoka. Nakala 5,000 zilipigwa chapa kwa matarajio kwamba zingeuzwa kwa miaka kadhaa. Zilikwisha kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Zikapigwa 5,000 nyingine, na nyingine 5,000, hata kufikia Desemba 1980 jumla ilikuwa 15,000. Mwaka 1982 tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, ilitolewa.

Namna kitabu hicho kilivyosomwa ndiyo inayopasa kumsisimua mwalimu. Ngugi ameeleza kwamba kilisomwa kwa sauti. Familia zilikusanyika jioni, na mtoto aliyesoma shule akawasomea wazee. Wafanyakazi walimsikiliza mwenzao wakati wa mapumziko ya mchana. Katika vilabu vya pombe walitokea wasomaji stadi ambao wakifika mahali patamu, na bilauri ikiwa tupu, hunyamaza mpaka mtu aijaze. Tukiondoa pombe, hatujaona maelezo bora kuliko haya ya mbinu ya kusoma hadithi kwa sauti: kujua pa kuharakisha, pa kusita, na pa kufunga kitabu huku wasikilizaji wakililia zaidi.

Si kila dau lililipa. Mwaka 1986 kampuni ilitoa Matigari, riwaya nyingine ya Ngugi kwa Kigikuyu. Kwa masimulizi ya Ngugi mwenyewe, watu walilizungumza jina la mhusika mkuu kiasi kwamba polisi waliamriwa wamkamate, hadi walipotambua kuwa ni mtu wa kitabuni. Hapo wakakikamata kitabu: Februari 1987 nakala zilizolewa madukani na katika ghala ya mchapishaji. Karatasi zilikwisha kulipiwa, na kazi ya uhariri pia.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya wafanyabiashara, na kwamba mwalimu wa darasa la pili ana kazi ya kutosha na silabi zake. Tunakubali nusu ya hoja hiyo. Mchapishaji ni mfanyabiashara kweli, na sehemu kubwa ya mapato yake katika nchi zetu hutoka kwenye vitabu vya shule. Hesabu na sayansi ndizo zinazoilisha riwaya. Lakini kwa sababu hiyohiyo mwalimu hawezi kujitenga. Nchini Kenya, sera ya mwaka 1998 iliziruhusu shule kuchagua vitabu katika orodha iliyoidhinishwa, na uchaguzi ule ulimfikia mwalimu. Mwaka 2018 serikali ilianza kununua vitabu yenyewe na kuvipeleka moja kwa moja shuleni. Utaratibu wa pili umewapatia vitabu watoto wengi ambao hawakuwa navyo, nasi hatuubezi. Ila mwalimu asiyechagua kitabu husahau upesi kwamba kuna aliyekichagua.

Madhara tuliyoyataja mwanzoni ni haya. Katika ripoti za mazoezi ya kufundisha tunakutana tena na tena na sentensi kwamba watoto wa mahali fulani hawapendi kusoma. Ni hukumu ileile iliyotolewa juu ya wakulima na makuli kabla ya 1980. Watu wale hawakuwa wamepelekewa kitabu cha lugha yao chenye habari iwahusuyo, basi hakuna aliyekuwa na haki ya kusema hawapendi. Chakava alijaribu kwa mali ya kampuni na kwa mwili wake. Mwanachuo hatakiwi kujitolea kiasi hicho; anatakiwa tu asiandike sentensi ile kabla ya kujaribu.

Kujaribu kwenyewe si kugumu. Somo la kwanza na kitabu kipya lianzie ukurasa wa mbele, watoto wasome jina la mtunzi, la mchoraji, la mchapishaji, mji na mwaka, na waulizwe kila mmoja alifanya nini. Dakika kumi zatosha. Hadithi isomwe kwa sauti na mwalimu aliyeisoma mwenyewe usiku uliopita. Na pale ambapo darasa halina kitabu chochote cha lugha ya watoto wale, wasimulie hadithi wanazozijua, mwalimu aziandike kwa mwandiko mkubwa, mmoja achore, mwingine azishone kurasa kwa uzi. Kisha juu ya jalada yaandikwe majina yao, jina la shule na mwaka, na kitabu kiwekwe kabatini pamoja na vingine.