Maoni Yetu: Chanja kwa kila mwalo

Alfajiri, mitumbwi inaporudi mwaloni na dagaa wa usiku, wavuvi wanakwenda kulala. Hapo ndipo kazi ya wanawake inapoanza. Wananunua kwa ndoo, wanabeba, wanaanika, wanageuza, wanapepeta, kisha wanajaza magunia ya kupeleka Soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Kutoka Kirumba dagaa wa Ziwa Victoria husafiri hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Fedha inayorudi kutoka huko imeanzia mikononi mwa mama aliyeamka saa kumi usiku.

Lakini sehemu kubwa ya jasho lake inaishia mchangani. Kwenye mialo mingi dagaa bado wanaanikwa chini. Wakishachanganyika na mchanga, bei yao ni ya chakula cha kuku. Wakianikwa juu ya chanja wanakauka wakiwa safi, na mnunuzi anawalipia kama chakula cha watu. Dagaa ni wale wale, waliovuliwa usiku ule ule. Kilichowatenganisha ni miti, nyavu na misumari. Masika ikiingia, mvua ya asubuhi moja inaweza kuozesha mtaji wote wa mama.

Mkoa wa Mwanza haujawahi kupungukiwa wanawake hodari. Ukerewe ndiko alikozaliwa Getrude Mongella, Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, na Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika mwaka 2004. Tangu Machi 2021 Tanzania inaongozwa na Samia Suluhu Hassan, mwanamke Mwislamu kutoka Zanzibar. Tunajivunia wote wawili. Hata hivyo, fahari hiyo haimwanikii dagaa mama wa kisiwani Ukara.

Fedha ya kumsaidia ipo kisheria. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na kwa Mwanza jambo hilo lina uzito. Hapa Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Waarabu na Wahindi wanaishi mtaa mmoja. Mama Mwislamu anayeogopa benki kwa sababu ya riba anaweza kukaa kikundi kimoja na jirani yake Mkristo, wakakopa pamoja na kulipa pamoja, kila mmoja dini yake ikiwa salama.

Mwaka 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo ili kurekebisha utaratibu, na mwaka 2024 ikairejesha. Kwa kuwa imerudi, kwanza itolewe kwa kufuata kazi ya mkopaji. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi hupumzika, na mama hana cha kununua wala cha kuuza. Ukimdai marejesho siku hizo unamsukuma akakope kwingine kwa riba ili alipe mkopo usio na riba. Marejesho ya mama wa dagaa yapangwe kwa giza na mbalamwezi, na masika ihesabiwe.

Pili, sehemu ya mikopo hiyo iende moja kwa moja kwenye chanja, na halmashauri ziweke maeneo ya kuanikia mwaloni ambayo hayatauzwa kesho kwa mwenye hoteli. Mtaji wa kununulia dagaa peke yake, bila mahali pa kuwakaushia, ni kumwongezea mama mzigo wa kuozesha.

Tatu, wanawake wawe na sauti katika kamati za vikundi vinavyosimamia mialo (BMU). Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona, nasi tunalisema wazi: pembezoni mwa ziwa hili wapo wanawake wanaodaiwa miili yao ndipo wauziwe samaki. Ng'ambo ya Kenya desturi hiyo ina hadi jina, jaboya. Semina haitaikomesha peke yake. Mwanamke mwenye mtaji wake, chanja yake na wenzake wa kikundi nyuma yake anaweza kumgeuzia kisogo mvuvi wa namna hiyo na kununua kwa mwingine.

Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema, Buchosa na Ukerewe zianze na mwalo mmoja mmoja, kabla masika haijaingia. Miti ipo, mafundi wapo, sheria ipo na fedha ipo. Kila asubuhi inayopita bila chanja, dagaa wa chakula cha watu wanageuka kuwa wa kuku, na mama aliyeamka saa kumi anarudi nyumbani na nusu ya alichostahili.