Mahari Yangu Hailipi Ukumbi

Zimebaki siku kumi na tisa niolewe, na kitu ninachokijua kuliko vyote kwa sasa ni bei ya kukodi kiti cha bibi harusi. Kile cha rangi ya dhahabu, chenye mgongo mrefu kama mlango wa Ndia Kuu. Ni cha usiku mmoja tu, lakini ukitajiwa bei utadhani unakibeba ukaenda nacho kwako.

Kama umewahi kutiwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi, sina haja ya kukueleza zaidi. Langu lina watu 46. Asubuhi ni mambo ya ukumbi, mchana mpambaji, usiku mpiga picha mwenye droni. Wiki iliyopita ami, ndugu yake marehemu baba, akaandika: "Mahari yashaingia. Tulipeni ukumbi kabla haujachukuliwa."

Watu wakaweka madole gumba. Shangazi akaweka maua. Mimi nikazima simu.

Siku ya pili nikatoroka. Nasema nikatoroka kwa sababu bibi yangu hapa Kibokoni ashaanza kunifungia ndani. "Wenda wapi na jua hili, mjukuu wangu? Bibi harusi hukaa kivulini." Nikamwambia naenda kununua leso, na kweli nikaenda. Mimi na binamu yangu tukaingia Barabara ya Biashara, kwa Kaderdina Hajee Essak, wale wa Mali ya Abdulla, walioanza biashara tangu 1887. Tulipomaliza tukapanda tuktuk, na badala ya kurudi nyumbani tukashukia Fort Jesus. Nilitaka tu mahali pasipo na mtu wa kuniuliza rangi ya maua.

Hebu nikuulize wewe wa Mombasa, mara ya mwisho uliingia mle lini? Mimi nilikuwa darasa la sita, na nilichokumbuka ni mizinga na soda. Tunapiga picha nje, ndani tunawaachia watalii, na ilhali sisi wenyeji kiingilio chetu ni kidogo kuliko chao. Wareno waliijenga ngome ile kati ya 1593 na 1596. Waomani wakaizingira 1696 na kuitwaa 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Binamu aliposikia jela akacheka, akasema basi nimeletwa mahali panaponifaa.

Nilichelewa sana Nyumba ya Waomani, ile iliyojengwa mle ngomeni mwishoni mwa karne ya 18. Mna mapambo ya fedha ndani ya vioo. Niliyatazama mpaka binamu akachoka akatoka nje kupunga upepo. Kule Oman mapambo kama yale yalikuwa sehemu ya mahari, na mwanamke akishayapokea yalikuwa mali yake mwenyewe. Aliyavaa, sawa, lakini pia ndiyo yaliyokuwa akiba yake. Mume akifa, akimuacha, au njaa ikiingia, aliweza kuuza kikuku kimoja maisha yakaendelea. Bibi huhadithia hivyo hivyo kuhusu mamake: bangili zake mbili ndizo zilizoezeka nyumba. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba inanihusu.

Sasa piga hesabu nami. Mahari yangu ni laki mbili. Ukumbi, kiti, mapambo na droni ni laki moja na elfu themanini. Inabaki elfu ishirini. Nikizeeka nitamuonyesha mjukuu nini, video?

Na kuna jambo jingine ambalo kule kundini hakuna anayelitaja. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nilikuwa nasomea mapishi na hoteli. Deni langu ni elfu sitini na nne. Tulipokuwa tukichanga hatukuzipata pesa hizo, kila mtu alikuwa na shida zake, na sikumlaumu yeyote. Lakini wa kuchangia droni wamepatikana.

Tulipotoka tukapita Mahakama ya Zamani, jengo la 1902 hapo jirani ambalo sasa liko chini ya makumbusho. Nikaketi nje kivulini nikifikiria kesi zilizopita mle. Mahari ni ya mke. Si ya baba, si ya ami, si ya kamati. Tumefundishwa madrasa sote, hata hao 46. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mahakama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Simpeleki ami yangu kwa Kadhi, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba sibembelezi.

Nisikudanganye lakini, nami nakitaka kile kiti. Nataka nionekane. Na shangazi aliponipigia usiku hakunigombeza. Alisema, "Mimi naliolewa kimya kimya, mpaka leo sina hata picha moja." Nilikosa la kujibu. Kwake yeye ukumbi ule si maringo, ni usiku ambao yeye hakuupata.

Hata hivyo nina rafiki aliyeolewa mwaka juzi. Harusi yake ilizungumzwa mji mzima. Leo simu ya mumewe ikilia chakulani wote wawili hunyamaza, maana ni wa mikopo ya simu. Watu waliosema "mashaallah" usiku ule hawajui namba hiyo.

Kwa hivyo nimependekeza nitolewe uani kwa bibi. Tufunge turubai kichochoroni kama walivyofanya mama zetu, asumini tutapata, na mpiga picha mmoja aje, wa kumpiga shangazi picha mpaka achoke. Mchumba wangu amekubali, ingawa aliuliza mara mbili kama nina hakika. Wewe unayeposwa mwaka huu, kabla hujachagua rangi ya maua, uliza mahari iko mfukoni mwa nani. Uliza mapema. Mimi nimechelewa, na ndiyo maana sasa naonekana mkorofi.

Ami hajajibu. Amesoma, alama mbili za buluu naziona. Kikao ni Ijumaa baada ya magharibi, nyumbani kwa bibi, na karatasi ya deni la chuo nimeshaitoa nakala tatu.