Mfuko wa Masomo: Dola Elfu Nne za Kwanza

Mwaka huu ukurasa wetu wa fedha za nyumbani ni wa wazazi wenye watoto chuoni, nami naanza na kosa langu mwenyewe.

Binti yetu alipoingia chuo, karo ya mwaka ilikuwa dola 12,000, bweni na chakula dola 10,000. Tulikuwa na akiba yake katika mpango wa 529, tuliyoiweka tangu utoto wake, na zamu za usiku za mama yake zimo humo. Basi tukatoa dola 22,000 zote, tukalipa kila kitu, tukajiona werevu. Wakati wa kodi ulipofika tukaambiwa kwamba gharama moja haipati faida mbili: karo iliyolipwa kwa akiba isiyotozwa kodi haihesabiwi tena katika nafuu ya kodi ya masomo. Dola 2,500 zikatuponyoka.

Nafuu hiyo huitwa American Opportunity Tax Credit. Hurudisha dola 2,000 za kwanza zote, na robo ya dola 2,000 zinazofuata. Kwa hiyo huhitaji gharama za dola 4,000 tu kwa mwaka: karo, ada za lazima na vitabu. Bweni na chakula hazimo. Lakini akiba ya 529 hulipa hata bweni na chakula, mradi mwanafunzi anasoma angalau nusu ya masomo ya kawaida.

Hapo ndipo penye siri. Dola 4,000 za karo zilipwe kwa mshahara au kwa mkopo. 529 ilipe zilizobaki. Sisi tungalitoa 18,000, siyo 22,000. Kama mtoto amepata msaada usiorudishwa wa kulipia karo, uondoeni kwanza kabla ya kupiga hesabu.

Aliyekwisha kosea kama sisi asikate tamaa. Yaweza kusahihishwa kwa fomu ya 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3 tangu kupeleka hesabu. Unadai nafuu kwa zile 4,000. Kisha sehemu ya faida iliyomo katika 4,000 hizo hutozwa kodi kama mapato, bila ile faini ya asilimia 10. Sisi tulifanya hivyo, na tulibaki na sehemu kubwa ya fedha.

Nafuu ni kwa miaka 4 ya kwanza ya chuo. Hupatikana yote kwa mzazi mmoja mwenye mapato yasiyozidi dola 80,000, au mume na mke wanaopeleka hesabu pamoja wasiozidi 160,000. Hupungua hadi kwisha kabisa kwenye 90,000 na 180,000. Hata asiyedaiwa kodi aweza kurudishiwa hadi dola 1,000.

Sasa neno kwa ukoo mzima. Kwetu mtoto husomeshwa na wengi. Shangazi ana 529 yake kwa ajili ya mpwa, baba naye ana yake. Wote wawili wakitoa fedha kwa bili moja, kinachozidi gharama hakina kinga. Ulizaneni kwanza. Anayedai nafuu ni yule anayemwandika mtoto kuwa mtegemezi wake, hata kama shangazi ndiye aliyepeleka fedha chuoni. Tena fedha zitolewe mwaka ule ule bili inapolipwa: bili ya Januari ikilipwa Desemba, itoleeni Desemba.

Basi kila mtoto awe na daftari moja na mshika daftari mmoja. Risiti za vitabu ziingie humo, pamoja na fomu ya 1098-T ya chuo na ya 1099-Q ya akiba. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwetu ilipotea, habari tukaipata baadaye. Ninyi ketini mezani kabla ya mwaka kwisha.