Muuza Mikeka Hashindwi

Mtu anayekuuzia utabiri wa mechi za wikendi ni tapeli. Sisemi kwamba anakosea, wala sisemi kwamba hana bahati. Ni tapeli hata siku ambayo mkeka wake umetiki, na siku hiyo ndiyo anayokuumiza zaidi.

Pita Muyama Jumamosi jioni, huku kwenye vilima vya Kigoma jirani na Burundi, uingie kibanda umiza chochote. Vijana wamelipa kiingilio waone ligi ya Uingereza, lakini macho yao yako nusu kwenye runinga, nusu kwenye simu. Swali linalozunguka benchini si nani anacheza vizuri. Wanaulizana mkeka umetoka kwa nani. Siku hizi mkeka una mwenyewe: yuko anayejiita profesa, yuko anayejiita dokta, yuko mchambuzi. Kwa elfu tano anakuingiza kwenye kundi lake la VIP. Ukiongeza elfu kumi na tano anakupa "mechi ya kupangwa". Na pesa hiyo haikuokotwa barabarani. Ni ya maharage, ni ya kahawa, na mara nyingine ni ya kikoba ambayo ilikuwa njiani kwenda kwa mweka hazina.

Kampuni za kubashiri zimeshasemwa sana na zitaendelea kusemwa. Lakini kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inafungwa na sheria ya mwaka 2003, hairuhusiwi kumchezesha mtu aliye chini ya miaka 18, na bei yake imeandikwa wazi mbele yako. Muuza mikeka hana leseni, hana anwani, hana bei ya kudumu. Tena ana kitu ambacho kampuni haina: anaaminika kama ndugu. Wala si mzee wa kijijini aliyekosa shule. Mara nyingi ni mmoja wetu, kijana aliyesoma takwimu chuoni, anayejua kuchora jedwali zuri na kuandika "uchambuzi wa kina" juu yake.

Ili kuona anavyofanya kazi, twende kwanza kwenye mbio za farasi, maana biashara ya kuuza majina ya washindi ilikomaa huko zamani, kabla ya simu za mkononi kufika kwetu. Mwaka 2008 Derren Brown, mwanamazingaombwe wa Uingereza, alionyesha kwenye televisheni kile alichokiita "mfumo". Mama mmoja alikuwa akipokea ujumbe usio na jina unaomtajia farasi atakayeshinda. Farasi wa kwanza akashinda. Wa pili akashinda. Wakafika watano mfululizo, na mama yule akaamini kiasi cha kuweka maelfu ya pauni, zikiwemo za kukopa, kwenye mbio za sita. Kisha Brown akafunua siri. Mwanzoni watu waliotumiwa ujumbe walikuwa 7,776, wamegawanywa kwenye makundi sita, kila kundi na farasi wake. Mbio za kwanza zilipokwisha, watu 1,296 walikuwa wametajiwa mshindi. Waliobaki wakaachwa. Baada ya mbio za pili wakawa 216, kisha 36, kisha 6, kisha mmoja. Hakukuwa na mfumo wowote. Kulikuwa na watu 7,775 ambao mama yule hakuwaona.

Sasa irudishe hesabu hiyo Muyama. Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu: mwenyeji ashinde, mgeni ashinde, au sare. Mtu mwenye namba za simu 729 anaweza kutuma ujumbe mmoja mmoja, theluthi hii na utabiri huu, theluthi ile na utabiri ule. Baada ya mechi nne wamebaki watu tisa walioona utabiri wake ukitimia mara nne mfululizo. Kwao yeye si mbashiri tena, ni nabii. Awatoze elfu ishirini kila mmoja, anapata laki na elfu themanini, na hakuhitaji kujua hata jina la golikipa.

Utaniambia mchambuzi wako hafanyi hivyo, kwamba kundi lake lote linapokea mkeka mmoja. Sawa. Lakini wauza mikeka wenyewe ni mamia, na wanafanya kwa pamoja kile alichofanya Brown peke yake. Wiki hii kumi wao wamepatia, mia wamekosea. Waliokosea wanafuta ujumbe, wanabadili jina la chaneli, wanaanza upya. Waliopatia wanapiga picha ya skrini na kuisambaza. Wewe unaletewa picha, huletewi chaneli zilizofutwa. Unachouziwa si ujuzi wa mpira. Unauziwa kutokujua nani mwingine alipoteza.

"Lakini mpira naujua," kijana atajibu. Huenda anaujua kweli, na hapo ndipo wengi wetu tuliosoma tunapotegwa, kwa sababu tunadhani kujua timu bora ni kujua dau bora. Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, zipo mbio ambazo farasi hodari hubebeshwa uzito wa ziada, vipande vya risasi kwenye tandiko, na dhaifu akapunguziwa. Lengo la mpanga uzito ni kwamba, ikiwezekana, wote wafike mwisho sawia. Kila mtu pale anajua yupi hodari. Kujua huko hakumsaidii mtu, maana uhodari umeshawekewa uzito wake.

Kwenye mkeka, uzito huo ndio ile namba ambayo vijana huiita odi. Simba ikicheza na timu inayokaribia kushuka daraja, odi yake inaweza kuwa 1.20. Maana yake, ili usipate hasara, utabiri wa namna hiyo unatakiwa utimie mara tano katika kila sita. Ukitimia mara nne, umeliwa, ingawa "ulipatia" mara nyingi kuliko ulivyokosea. Kwamba Simba ni bora, kampuni iliijua kabla yako na imeshakukata bei yake. Swali la dau si nani atashinda. Swali ni kama bei imekosewa, na mchambuzi wako wa elfu tano hajawahi kuligusa.

Na bado mpira wenyewe hautii jedwali. Tarehe 3 Julai 2021, Dar es Salaam, Yanga iliifunga Simba 1-0 kwenye ligi. Siku 22 baadaye timu hizo hizo zilikuja kwetu Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, na safari hii Simba ikashinda 1-0. Mchambuzi aliyeitaja Yanga mara ya kwanza na Simba mara ya pili alionekana bingwa. Aliyetaja kinyume alionekana mjinga. Kati yao kulikuwa na bao moja kila mechi.

Kisha kuna hesabu ambayo muuza mikeka haiweki kwenye picha. Chukua pambano la timu mbili zinazolingana kabisa, lisilo na sare. Bei ya haki ni 2.00 kila upande. Kampuni itakupa, tuseme, 1.90. Kwa wastani, kila shilingi 1,000 uliyoweka inarudi 950. Hasara ndogo, ndiyo. Sasa unganisha mechi kumi za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, kwa sababu mchambuzi amekuambia mkeka mrefu ndio wenye pesa. Ile hasara inajizidisha mara kumi, na wastani unaorudi ni kama shilingi 599. Mechi ishirini, shilingi 358. Shilingi mia tano kugeuka milioni ni picha tamu, lakini kila mechi unayoongeza ni tozo mpya juu ya tozo. Ukibahatika kushinda, kodi nayo inasubiri.

Je, hakuna kabisa mtu aliyewahi kuchagua washindi kwa akili? Yupo, na habari zake zinawaumbua wauza mikeka zaidi ya chochote. Bill Benter, Mmarekani, alihamia Hong Kong miaka ya 1980 akiwa na mwenzake Alan Woods, wakajenga programu ya kompyuta ya kupima farasi. Mwanzoni walipoteza. Ilimchukua miaka, takwimu nyingi na mtaji mkubwa kabla faida haijaanza kuonekana, na faida hiyo ikawa ya kutisha. Mwaka 1994 alichapisha maelezo ya kitaalamu ya mbinu yake. Sasa sikiliza: mtu huyu, aliyekuwa na uwezo ambao profesa wako wa VIP anadai kuwa nao, hakutafuta riziki kwa kuuzia watu majina ya farasi kwa bei ya soda na chipsi. Aliweka pesa yake mwenyewe. Kisima kikiwa na maji, mwenyewe anachota. Anayeuza ramani ya kisima amekikuta kikavu.

Hoja hiyo hiyo inazika "mechi ya kupangwa". Kupanga matokeo ni kosa la jinai, na hutokea duniani. Lakini kama kweli mtu anajua mechi imepangwa, kila mtu mmoja zaidi anayeambiwa ni hatari ya kukamatwa, na kila dau zaidi linashusha bei anayoitaka yeye. Siri ya namna hiyo haiwezi kukufikia Muyama kwa shilingi elfu ishirini kupitia kundi la watu mia tatu. Iliyokufikia si siri.

Kwa nini basi anaendelea? Kwa sababu halipwi na ushindi wako. Ada ya VIP umeshalipa kabla ya filimbi. Zaidi ya hapo, zipo kampuni za kubashiri zinazowalipa mawakala kwa kila mchezaji mpya aliyejisajili kupitia kiungo chao, na katika biashara hii duniani ipo mikataba inayompa wakala asilimia ya kile ambacho mchezaji huyo amepoteza. Soma tena. Anayekuambia "leo tunawapiga" anaweza kuwa analipwa kutokana na kupigwa kwako.

Hapa Buha hatukupaswa kufundishwa somo hili mara ya pili. Wakati wa ukoloni, nchi hii ilikuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo walichukuliwa kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na miaka ya 1940 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao kubwa ya kuwakusanya, SILABU. Mkusanyaji alikuja na maneno matamu juu ya mshahara na blanketi. Yeye alipimwa kwa idadi ya vichwa alivyofikisha. Kijana akirudi na pesa, akirudi na kikohozi, au asirudi, hesabu ya mkusanyaji ilikuwa imeshafungwa. Wazee wetu walipewa namba na kupanda treni. Sisi tunabonyeza kiungo.

Najua jibu lililo tayari: ajira hakuna, mtu mzima ana haki na pesa yake, na mia tano ya mkeka ni burudani. Burudani siipingi. Anayeweka mia tano akijua amenunua msisimko wa dakika tisini hajadanganywa na mtu. Na ajira kweli hakuna. Lakini uhaba wa ajira haumpi msomi ruhusa ya kujipatia kazi ya kumnyang'anya mkulima kwa jedwali. Ukiwa na shahada na ukamwandikia kijana wa darasa la saba neno "uhakika", umetumia elimu ambayo nchi ilikulipia kama chambo.

Basi tudai mambo mawili. La kwanza, mtangazaji, mchambuzi au mwenye chaneli anayesoma mikeka hadharani aweke rekodi yote, kabla ya mechi, yenye saa na tarehe, pamoja na iliyochanika, na aseme wazi kama kuna kampuni inayomlipa. Asiyeweza hilo asikilizwe kama tangazo la sabuni. La pili, kuuza "uhakika" kwa pesa kushughulikiwe kama udanganyifu mwingine wowote wa mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, na imekuwa na kasi ya kutosha kwa waliokosoa wakubwa. Ionyeshe kasi hiyo kwa wanaoibia wadogo.

Na wewe unayesoma hapa, kabla hujamtumia mtu elfu tano, mpime kwa kipimo cha mama anayelima maharage mteremkoni Muyama. Naye ni mtabiri. Kila msimu anachagua mbegu gani ishinde, anasoma mawingu, anaamua siku ya kupanda. Akikosea, anakula kosa lake mwaka mzima, yeye na watoto wake. Muulize muuza mikeka wako: mkeka huu ukichanika, wewe utakula nini? Kama jibu ni kwamba atakula vile vile, mwache auze kwa wengine, kisha nenda kawaambie na hao wengine.