Maji taka yaliyosafishwa: Jordan inatufundisha nini?

Kambi nyingi sasa zina sura ya miji, lakini visima havijaongezeka kwa kasi hiyo. Jordan, iliyopokea wakimbizi wengi wa Syria tangu 2011 na yenye uhaba mkubwa wa maji, imelazimika kuyatumia maji mara mbili. Kituo cha As-Samra, kilichoanza kazi 2008, husafisha maji taka ya Amman na Zarqa. Yakishasafishwa hutiririka hadi bwawa la King Talal, kisha humwagilia mashamba ya Bonde la Jordan, na maji safi zaidi hubaki kwa watu.

Anayechota maji ya mtaro kumwagilia sukuma wiki hafanyi jambo hilohilo. Maji yale yana mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara, na mboga hununuliwa na mkimbizi na mwenyeji sokoni. Usafishaji ni kazi ya kila siku: umeme, mafundi, vipimo vya maabara. Wafadhili hupenda kuzindua mitambo (sisi tunaopiga picha za uzinduzi tunajua). Fedha za kuiendesha mwaka wa tano ndizo huadimika. Mradi ukija kwenu, kamati ya maji iulize mapema: nani atapima maji haya, na majibu yatabandikwa wapi?