Ukuta umepasuka, ushuhuda uko wapi?

Wandugu wafanyakazi wa mine, mama na baba wa Likasi, wengi wetu tunaijua ile saa dinamiti inapigwa: sahani zinalia kwenye kabati, kisha ukuta unaonyesha ufa mupya. Ukilalamika, unaulizwa: ushuhuda uko wapi?

Mimi nasema wanafunzi wetu wa masomo ya teknike wanaweza kuutafuta. Sismografi si uchawi. Unatundika kitu kizito kwenye resori. Udongo ukitikisika, fremu inatikisika nao, lakini ule uzito unachelewa. Funga sumaku ya bafle ya zamani kwenye uzito, na bobini ya waya wa shaba kwenye fremu. Sumaku ikicheza ndani ya bobini, umeme kidogo unazaliwa. Ampli inauongeza, ordinateri inachora mustari. Shaba ni ya kwetu, na bafle mbovu hazikosi kwa mafundi.

Kisha wajaribu. Mashini iwekwe chini kwenye simenti. Mwanafunzi aruke mita 5 mbali nayo, kisha mita 10. Kamio ipite barabarani. Kila mara waandike tarehe na saa, mpaka wajue kutofautisha alama ya kamio na ya dinamiti. Saa ya mashini ikidanganya, kazi yote imekufa.

Tusidanganyane: mashini hiyo haitabiri mine kuanguka, na vyombo vya sosiete vinapima kwa uhakika zaidi. Lakini daftari yenye tarehe, saa na ukubwa wa alama ni swali ambalo sosiete italazimika kujibu kwa vipimo vyake yenyewe. Leo vipimo hivyo viko kwao, na nyufa ziko kwetu.

Tukumbuke Goma. Wale wanaochunguza volkano walikaa miezi na upungufu wa feza. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka. Sikio la udongo likitegemea mufuko wa mwingine tu, siku moja linaziba.

Kwa hiyo madelege wa sindika waombe mambo mawili: sosiete itoe kwa masomo saa za kupiga dinamiti, na kasa ya sindika inunue waya. Mutoto wa mufanyakazi anayejua kusoma ule mustari atatetea nyumba yao leo, na kesho usalama wa wale wanaoshuka chini.