Tuchambue Mabadiliko ya Ramani Kabla ya Kuyapeleka

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, huhifadhi historia ya kila njia na kila nyumba, toleo baada ya toleo. Kwa hiyo achoraye vijiji vya Masisi na Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa picha za setilaiti, akiwa Goma au Ulaya, huandika sahifa itakayosomwa na madereva na wauguzi.

Aghalabu kazi ya jioni moja huchanganya mambo: mapaa ya mabati yaonekanayo dhahiri kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, na kijito cha Walikale kilichochorwa kwa dhana, maadamu msitu na mawingu vimekificha. JOSM, programu ya kuhariri ramani hiyo, yaruhusu kuteua vitu na kupeleka hivyo tu, vingine vikabaki katika faili ya mchoraji. Nami nashikilia kwamba kuteua huko ni faradhi. Daraja lililokisiwa, likishapokewa, halitofautiani machoni pa msomaji na lililothibitishwa na mwenyeji, na gari la chanjo hulifuata hilo hilo. Toleo la awali laweza kurejeshwa, naam, lakini yaliyo sahihi na yaliyokisiwa yakipelekwa kwa fungu moja, lenye maelezo ya neno «marekebisho» tu, mrekebishaji hana budi kupekua kitu kimoja kimoja.